Mlango wa Kituo cha Kidijitali

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa aliyepata udhuru. Mheshimiwa msaidizi wa mwakilishi. Mwalimu mkuu na msaidizi wako. Wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuratibu kamati. Walimu wa masomo yote, akiwemo mwalimu wa kompyuta, ambaye naambiwa hajawahi kupewa kompyuta lakini moyo anao. Wazazi, walezi, mlinzi wa geti, mpishi, mama wa usafi. Na wewe uliyechelewa unayejibanza pale kwenye bomba, nimekuona, nawe umetambuliwa! Mimi kwenye itifaki simwachi mtu. Mama yangu mzazi alinifunza kuwa asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hashukuru, na ndiyo maana leo mwanawe ni Mkurugenzi. (Makofi. Mpishi anapiga kigelegele, anakumbuka sufuria aliyoiacha motoni, anaondoka mbio.)

Ndugu wadau, kimsingi, na katika muktadha mpana wa mpango mkakati wa uwezeshaji wa rasilimali za mtandaoni, mwaka mzima mmekuwa mkipita hapa mkitazama uzio wa mabati na kujiuliza, kulikoni? Wengine mkataka kuchungulia. Tukawakataza, na tuliwakataza kwa usalama wa data! Leo mabati ya mbele yameondolewa, na nyuma yangu mnauona ukuta uliopakwa rangi ya buluu, mlango wenye kufuli jipya, utepe mwekundu, na kibao kilichoandikwa Kituo cha Kidijitali. Naomba makofi ya kidijitali. (Hakuna anayejua yanavyopigwa.)

Utafiti wetu yakinifu, uliofanyika kwa semina mbili na warsha moja katika hoteli yenye intaneti ya kasi, umebaini kwamba asilimia tisini na nne ya walimu wa shule hii wana vidole vya kubofyea, na asilimia sita waliobaki hawakuwepo siku ya kuhesabiwa. Nani kama sisi? (Sauti ya mwalimu wa historia: "Hakuna!" Anakonyezwa na mwenzake, anainama kufunga kamba za viatu.)

Sasa nafungua uwanja wa maswali, maana uongozi shirikishi ndiyo damu yangu. Ndiyo, mwalimu wa hesabu. (Mwalimu wa hesabu: "Mheshimiwa, mlitutumia paswedi ya maktaba ya vitabu vya mtandaoni. Lakini mmeituma kwa barua pepe, na kuifungua hiyo barua pepe kunahitaji intaneti. Tunaingiaje?") Swali zuri sana! Tena zuri kiasi kwamba nitaliundia kamati. Kwa sasa, mwalimu, ishike hiyo paswedi kwa imani. Mwingine? (Mwalimu wa fasihi: "Sisi netiweki tunaipata juu ya tangi la maji tu, na tangi lenyewe linapandwa kwa zamu. Mimi na magoti haya, baba, nitapanda mpaka lini?") Mama, huko ndiko tunakokuita kupanda ngazi ya maendeleo! (Kicheko. Mwalimu wa fasihi hacheki. Anajisugua goti.)

Na yule aliyenyoosha mkono tangu nianze? (Mwalimu wa kompyuta anasimama. "Mheshimiwa, mimi sina mengi. Jumatatu wanangu wana mtihani wa vitendo, na wasiofaulu huo hawapewi cheti. Hawajawahi kugusa kompyuta. Nimewachorea vitufe kwenye maboksi, wanabofya boksi, wanatamka herufi kwa sauti ili nijue wamebofya nini. Naomba tu leo waingie humo ndani, hata kwa zamu. Mlango unafunguliwa saa ngapi?")

Dada yangu, umenigusa. Nimeguswa kimkakati. Kubofya boksi ni ubunifu usiotumia umeme, na nitautaja katika taarifa yangu kama mafanikio ya idara. Ama kuhusu mlango, mlango utafunguliwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ni utepe. Awamu ya pili ni kufuli. Haraka haraka haina baraka, na ukiona vyaelea, vimeundwa! ("Vielee basi tuvione!" anasema mlinzi wa geti. Anaambiwa arudi getini.)

(Mkurugenzi anakata utepe. Mkasi ni butu, anamalizia kwa meno. Makofi.)

Kidijitali! (Wadau wanaitikia: "Hoyee!") Kidijitali mpaka jikoni! ("Hoyee!") Mwalimu mmoja, kompyuta moja, ndoto moja! ("Hoyee," ya chini chini.)

Nihitimishe kwa shukrani, na hapa simwachi mtu. Namshukuru aliyekata mabati, na aliyeyashikilia asikatike yeye. Namshukuru fundi rangi kwa buluu hii. Namshukuru seremala kwa mlango, na muuza kufuli kwa kufuli. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru fundi mwashi, kijana mchapakazi, aliyeusimamisha ukuta huu peke yake, ukuta mmoja tu, bila chumba, bila paa, bila hata nguzo nyuma, na haujaanguka mpaka leo! Makofi kwake! (Hakuna makofi. Mwalimu wa kompyuta: "Ukuta mmoja?") Kuta tatu zilizobaki ziko kwenye mchakato, mwalimu. Kompyuta nazo zitafikiriwa tukishapata mahali pa kuziweka.

(Mwalimu wa kompyuta anageuka. Watahiniwa wake wamepanga foleni kando ya bomba. Asubuhi aliwaambia wanawe mikono kwa sabuni wasije wakachafua kompyuta, na sasa wameiinua juu isishike vumbi. Anawatazama mpaka macho yanamjaa machozi. "Ishusheni tu, wanangu," anasema. "Turudi darasani.")

Isishushwe! Isishushwe kwanza! Mikono yote hiyo juu, maana yake wanafunzi wameafiki mradi kwa kauli moja. Mpiga picha, piga haraka kabla hawajachoka. Asanteni sana.