Pikipiki ya Kulala na Mgongo wa Godelive

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa tisa, 2025

Imefika! Saa nne asubuhi, hapa Butembo, mbele ya nyumba yetu. Watu sita waliishusha kutoka kwenye lori la mbao, polepole, kama jeneza la tajiri. Majirani wameshaipa jina: pikipiki ya kulala.

Siyo kama hizi za motari wanaobeba abiria, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi. Hii ni ndefu, ya chini, usukani mpana kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Unaketi ndani yake, miguu mbele, mgongo nyuma, kama chefu barazani kwake. Injini ya mia sita hamsini! Za motari ni mia moja ishirini na tano. Mimi mmoja ni motari watano. Nimemwachia aliyeniuzia ng'ombe wawili na jenereta. Sijuti.

Sababu ninayo. Shemeji yangu Berthe, mdogo wa mke wangu Godelive, ni sista kule Beni. Jumamosi ya tarehe 13 anatimiza miaka ishirini na mitano ya nadhiri. Tutakwenda. Na Godelive atakaa nyuma yangu kama mwaka 1985, nilipokuwa mwalimu kijana kule Kasugho na Padri akaniazima pikipiki yake nyekundu nimlete akaone shule yangu. Harufu ya mikaratusi iliyolowa ukungu. Kahawa imeanikwa kando ya njia. Watoto wanatukimbilia wakiimba. Na mikono ya Godelive kiunoni mwangu, imenibana! Miaka arobaini, bado naisikia kwenye mbavu.

Nilimwambia yote hayo. Aliizunguka pikipiki mara moja, akajishika kiuno.

"Na mugongo yangu, Baba Ornella? Uliiuliza?"

Nikamweleza kwamba chombo hiki kiliundwa kwa ajili ya migongo. Akaingia jikoni.

Jioni akaja jirani Éphraïm. Tulisoma darasa moja. Ana mia moja ishirini na tano, kuukuu, imefungwafungwa kwa vipande vya mpira. Aliitazama yangu robo saa nzima, kisha akauliza swali moja tu: mufuko ya unga utaiweka wapi? Wivu mtupu.

Alhamisi, tarehe 4

Jaribio la kwanza. Rughenda, upande wa uwanja wa ndege, penye njia iliyonyooka.

Mungu wangu! Haipigi kelele nge-nge-nge. Inasema du-du-du, sauti ya mzee mwenye mashamba. Ukifungua gesi haikurupuki, inakuvuta kwa heshima. Gia ya tatu, ya nne, mikono haitetemeki. Upepo ukaingia ndani ya koti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu tena. Nikaimba. Nikalia kidogo, kwa sababu ya vumbi.

Kisha tuta. Nani ameweka tuta pale? Gurudumu la mbele likapita, tumbo likakaa juu, gurudumu la nyuma likabaki linafikiri. Pikipiki ikawa bembea, mimi katikati yake. Mama mmoja muuza ndizi alilazimika kutua mzigo ili acheke vizuri.

Nani anapita saa hiyohiyo? Éphraïm. Na mkewe Hulda. Na magunia mawili ya maharage. Na mbuzi. Walivuka lile tuta kama nzi anayetembea juu ya mkate. Kisha alirudi, akafunga mbuzi kwenye mti, akanisaidia kuinua. Akanipangusa vumbi mgongoni kama mtoto. Hilo ndilo lililoniuma.

Nimechunguza. Pikipiki haina kosa. Kosa ni la tuta.

Jumamosi, tarehe 6

Leo, starehe. Kiti cha mbele ni kochi. Kiti cha nyuma ni kadogo kama kisosi cha chai. Aliyekiunda hakuwa na mke, au alikuwa naye na hawakusemezana.

Mpango! Nimekata godoro la kitanda cha wageni. Sponji nene, mkono mzima. Nikampelekea Florentine, fundi wa makochi. Ameivalisha velvet nyekundu, akaongeza na egemeo kutoka kwenye kiti kilichovunjika. Alinionya kwamba sponji ya namna hii inapenda maji. Nikamjibu kwamba mvua ya mwezi wa tisa naijua tangu utoto, hainyeshi asubuhi.

Godelive aliona kitanda cha wageni kwanza. Sitaandika aliyosema. Lakini baadaye alikubali kupanda, uani, pikipiki ikiwa imesimama. Miguu yake haikufika popote. Kichwa kilipita ukuta wa jirani. Akamwona Hulda jikoni kwake, akamwuliza kutoka juu huko anapika nini. Hulda akapiga kelele, akidhani ni malaika. Na Godelive akacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile sijakisikia tangu mtoto wa mwisho alipoondoka nyumbani.

Ushindi kamili.

Jumatatu, tarehe 8

Hatari. Éphraïm anakwenda Beni Ijumaa kuchukua miche ya kakao. Amemwambia Godelive kwamba nyuma yake kuna nafasi, Hulda anabaki. Godelive amejibu: tutaona. Nimeishi naye miaka arobaini. "Tutaona" yake ni ndiyo iliyovaa kitambaa kichwani.

Godelive wangu, afike kwenye jubilei ya dada yake juu ya ile mbuzi ya chuma ya Éphraïm! Haiwezekani.

Mpango. Nilimfuata Éphraïm shambani, uso wa msiba. Nikamwambia mlima umeanguka Kabasha, njia ya Beni imefungwa hadi wiki ijayo. Aliweka jembe chini. Akasikitika. Akanishukuru kwa kumwonya: wasingya, ndugu yangu, wasingya sana.

Nilijisikia vibaya dakika mbili. Labda tatu.

Jumatano, tarehe 10

Janga! Éphraïm alimwambia Hulda. Hulda alimwambia Godelive sokoni. Godelive amefungua valizi, amerudisha nguo kabatini, amempigia Berthe simu kwamba hatutafika. Berthe amelia. Masista wote wamelia. Kwa ajili ya mlima wangu!

Ikabidi niufungue.

"Njia imefunguka," nikasema.

"Nani amefungua?"

"Bakubwa."

"Mulima muzima? Kwa siku mbili?"

"Banatumia mashini, Mama Ornella. Mashini ya nguvu."

Alinitazama. Alinitazama tena. Kisha akachukua simu, akamwambia Berthe tunakuja. Akazirudisha nguo ndani ya valizi, moja moja, akizikunja vizuri sana. Mwisho akasema atapanda nyuma yangu mimi, siyo nyuma ya Éphraïm.

"Juu mutu wa wongo hapana kumuacha peke yake mu njia."

Amekubali! Sababu si kitu.

Ijumaa, tarehe 12

Beni. Naandika katika sebule ya masista, sina viatu, suruali ni ya mlinzi wao.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Mwanzo mtamu! Du-du-du. Watu walisimama kutuangalia. Mama mmoja alipiga vigelegele akidhani ni harusi. Godelive juu ya velvet kama malkia, valizi mapajani, ndani yake kitenge cha Berthe. Nilingoja mikono yake kiunoni. Alikuwa ameshika valizi. Bon. Niliendelea kungoja.

Tulipofika Maboya, mvua. Asubuhi! Niliongeza mwendo. Injini ilivuta vizuri, sina la kulaumu. Lakini sponji ilianza kunywa. Ilikunywa kama ng'ombe aliyetoka mbali. Kila shimo tulilopita, Godelive alishuka ndani ya godoro na maji yakaruka pande zote. Nilimwuliza kwa sauti kama yuko sawa. Akajibu kwamba yuko anaoga.

Kabasha, mteremko, matope. Pikipiki zote zinapita kando ya mashimo. Ya kwangu, kwa urefu wake, inaingia katika mashimo mawili kwa pamoja. Tumbo linagonga mawe. Miguu yangu, ile iliyo mbele kwa starehe, inapokea matope yote ya gurudumu. Tulifika chini kwenye bariyeri ya wanajeshi, mimi nikiwa rangi ya tofali.

Hapo kila mtu anashuka na kusukuma, ndiyo desturi. Mwanajeshi kijana aliitazama pikipiki, akaitazama velvet, akanipigia saluti. Kisha akakumbuka kazi.

"Papa, kita! Tindika!"

Nikashuka. Nikatindika. Kilo zaidi ya mia mbili, na sponji pengine hamsini nyingine. Kweli, starehe ina uzito wake. Mwanajeshi mwenyewe alinionea huruma, akaweka bunduki mgongoni, akasukuma nyuma.

Upande wa pili haikuwaka. Maji yameingia mahali. Nikajaribu. Nikasali. Nikajaribu. Kimya.

Na nani anatokea, mkavu ndani ya koti lake la plastiki? Éphraïm. Alisimama. Alisema anafurahi kuona kwamba ule mlima umeondolewa vizuri hivyo, hata mahali pake hapaonekani. Nikafunga kamba ya kiatu. Kiatu hakina kamba.

Akamwambia Godelive apande, baada ya saa moja hivi watakuwa Beni. Nilitazama chini. Nilijua. Mgongo wake, nguo zake zinadondosha maji, dada yake anangoja. Hata mimi ningepanda.

"Beba valizi, Éphraïm," Godelive akasema. "Umupe Berthe, umuambie tuko njiani. Mi nitatembea na huyu."

Éphraïm akaondoka. Tukatembea. Mimi nasukuma, yeye kando yangu, viatu mkononi. Mvua ilikwisha. Mvuke ukapanda kutoka kwenye mashamba ya kakao. Halafu nikamwomba msamaha kwa yote, nikamwambia nilitaka apate tena safari ile ya Kasugho.

Akasimama.

"Ile moto, ile pikipiki ya Padri? Mi niliichukia! Nilifunga macho njia yote. Niliuma koti yako juu ya woga. Hukuonaka alama ya meno?"

Nilikuwa nimeiona. Nilidhani ni panya.

"Lakini ulinishika sana," nikasema.

"Ningeshika nini ingine?"

Kisha akasema kwamba anachokumbuka yeye ni pale mnyororo ulipokatika, kabla ya kufika Kasugho, tukatembea msituni mpaka jua likainama. Nilikuwa nasukuma hivihivi. Nilimsimulia kuhusu mama yangu aliyefariki, na wanafunzi wangu wasio na vitabu, na jinsi ninavyoogopa giza. Alikuwa hajawahi kusikia mwanaume akisema anaogopa kitu.

"Ile njo siku nilikubali unioe. Siyo mu moto. Chini, kwa miguu."

Akaweka mkono wake juu ya wangu, kwenye usukani, na tukasukuma pamoja. Kilomita mbili, labda tatu. Alinisimulia mambo ya binti yetu Ornella ambayo sikuyajua. Aliimba kidogo ule wimbo wa komunyo. Mkono wake ulikuwa umekunjamana kwa maji, wa moto, na sikutaka tufike.

Fundi mmoja kando ya njia alikausha bougie, ile plagi ya injini, kwa shati lake, ikawaka mara moja. Tukafika Beni saa kumi. Masista walituvua matope kwa ndoo.

Nimefikiri sana juu ya siku hii. Somo lake liko wazi: mia sita hamsini haitoshi.

Jumatatu, tarehe 15

Tumerudi Butembo.

Jubilei ilikuwa nzuri mno. Berthe alifunga kitenge, akacheza mbele ya Monsinyori, utaji ukamwangukia machoni na hakusimama. Godelive alicheza naye. Walikuwa wasichana wawili wa zamani, wale niliowakuta wakichota maji siku ya kwanza nilipofika kwa baba yao. Nilijificha nyuma ya nguzo na leso.

Kurudi, Kabasha ni kupanda. Godelive alirudi na Éphraïm, katikati ya miche ya kakao, na mgongo wake, anasema, haukulalamika hata kidogo. Pikipiki yangu ilirudi juu ya lori la ndizi, imefungwa kwa kamba. Mahali pengine hapakuwepo, kwa hiyo nilipanda huko juu nikaketi kwenye kiti changu, miguu mbele, usukani mkononi. Lazima niandike ukweli: njia nzima sikutikisika. Vijiji vyote vilinipungia mkono. Nimejua sasa starehe ya kweli ya chombo hiki.

Éphraïm alikuja jioni. Alileta mche mmoja wa kakao, zawadi. Alisema niupande mahali pasipo na mlima unaoanguka. Akacheka hadi Hulda akaja kumchukua. Nimeupanda. Sikumshukuru vya kutosha.

Lakini habari kubwa ndiyo hii. Kule juu ya ndizi nilikaa na mfanyabiashara wa Kamango. Anamjua mtu, karibu kabisa na mpaka, mwenye pikipiki ya kulala ya mia tisa. Mia tisa! Kiti cha nyuma kina egemeo lake la kiwandani na mahali pa kuweka mikono, kama ndege. Mwenyewe anapenda ng'ombe. Mimi nimebaki na mmoja. Nimeshamwandikia.

Godelive alikuja sasa hivi, amevaa kandambili, akaniuliza kama naweza kumsindikiza kesho asubuhi mpaka Rughenda kumwona mgonjwa, tutembee tu polepole, sisi wawili.

Maskini mke wangu, amezoea shida. Nimemshika mkono, nikamwambia avumilie wiki mbili tu. Mia tisa ikifika, nimemwapia, hatatembea tena kwa miguu maisha yake yote.