Jamaa Anasema Anakupenda

Jumamosi, 5 Juni 1993

Baridi ya Juni, sweta mbili za mitumba na bado natetemeka. Ukumbi wa video wa Mahmud ulifurika, wengine wamening'inia dirishani. Siku hizi kila kitu ruksa, hata kutafsiri Kiingereza usichokijua. Mkalimani ni mimi. Nasimama kando ya televisheni na fimbo yangu: jamaa anasema hivi, dada anajibu vile. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Nani anajua? Mwalimu Flavian anajua! Leo kakaa mbele kabisa, kanuna.

Sinema ya vita. Mwishoni askari akafa. Nikamwona Emerensiana, yule fundi cherehani wa barazani kwa Mahmud, kajiziba mdomo kwa kanga, machozi tele. Sikuweza. Nikasema jamaa kalala tu, safari imemchosha. Likaja jeneza. Nikasema wanafukia mbegu za msimu ujao. Makofi! Flavian akasimama akapiga kelele kwamba amekufa, ni kisa cha kweli, kimo katika historia. Wakamzomea mpaka akakaa. Emerensiana alitoka anacheka.

Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumatatu, 7 Juni

Balaa! Leonidas wa Kipili, muuza migebuka, wale samaki wa ziwani, kapeleka barua ya posa kwa kina Emerensiana. Majibu Jumapili baada ya misa. Leonidas! Mtu asiyeweza kusema maneno matatu bila kutazama viatu vyake.

Flavian kanisimamisha sokoni, kaniita mwongo wa hadhara. Nikamjibu kwamba ukweli ubaki darasani, ukumbini watu wanafuata mapenzi. Akauliza mapenzi gani hayo yasiyo na ukweli. Nikamwambia mapenzi ni kuchagua maneno. Jibu zuri mno! Nimelirudia njia nzima.

Jumamosi, 12 Juni

Mpango wangu wa kusema naye kupitia sinema umejipa. Leo jamaa wa sinema, mwenye sharubu nene na koti refu, alikuwa ndani ya treni anasema na konda. Nikamfanya aseme: Emerensiana, nina ekari mbili za ulezi kule Kaengesa, usiolewe na mtu wa samaki. Flavian akaruka juu. Eti jamaa anauliza choo kiko wapi! Ukumbi mzima hoi kwa kicheko. Emerensiana hakucheka. Aliinama.

Sinema ilipokwisha akaniita barazani. Kasema ya jamaa ameyasikia, na yamemgusa. Sasa anataka kusikia yangu. Kesho baba yake atamuuliza mbele ya watu, na yeye bado hajui atajibu nini. Akaacha kukanyaga cherehani, akanitazama.

Mimi! Bila televisheni! Nikapapasa fimbo, haipo. Mwisho nikasema, tena kwa sauti ile ile ya ukumbini: jamaa anasema anakupenda.

Akajibu: dada anasema jamaa aje mwenyewe.

Nimelipima neno hilo mpaka nimefika nyumbani. Mkalimani ni mimi, maana yake naijua. Aje mwenyewe, yaani anamtaka yule wa sinema! Sharubu zile! Kumbe kazi ni ndogo. Naanza kufuga sasa hivi.

Jumapili, 13 Juni

Sharubu: nywele nne. Nikajazia masizi ya sufuria. Mahmud kaniazima koti lake la safari, zito kama gunia la mahindi. Nilipomaliza kile kilima cha kwa kina Emerensiana nilikuwa nimelowa jasho.

Emerensiana alikuwa mlangoni, kavaa gauni jipya, macho njiani. Ndani Leonidas na wazee wake wamekwisha kaa. Aliponiona alishuka ngazi mbili. Nikajigusa mdomo: masizi yameteremka mpaka kidevuni. Jamaa amechuruzika! Huwezi kumletea mtu jamaa wa namna hiyo. Nikageuka. Nyuma yangu nikasikia anaita jina langu, Evaristi, Evaristi. Nikaongeza mwendo.

Vigelegele vilinikuta kwenye mfereji, nanawa uso. Nililia pale pale.

Jumanne, 15 Juni

Leonidas kaja kwangu, macho viatuni. Ndoa ni Agosti. Maneno yanamshinda, anaomba siku ya harusi nisimame nimsemee kwa bibi harusi. Anachotaka niseme ni kwamba atamtunza. Basi. Neno moja! Nikamkubalia kabla hajamaliza.

Flavian kasikia, kaja mbio kunionya nisiongeze hata nukta. Nimeshaongeza kurasa mbili. Katika ukurasa wa pili Leonidas anakiri mbele ya wageni wote kwamba hafai, na anamwachia mkalimani nafasi yake.

Emerensiana akiyasikia hayo atanielewa tu. Na safari hii fimbo nitaishika.