Gari la Mbao Ubavuni

Jumanne, 21 Mei

Limefika. Trekta limeliburuta kutoka nyuma ya kiwanda cha unga, alikoliacha mhandisi mmoja wa kigeni miaka thelathini iliyopita. Steshenwagoni halisi la Kimarekani, refu kuliko sebule yetu, na ubavuni lina mbao. Mbao! Nani mwingine mtaa huu ana gari la mbao? Kuku wametagia kiti cha nyuma, na kuna kutu hapa na pale. Mke wangu alilizunguka mara moja, akauliza hapa ni wapi na pale ni wapi. Nikaenda kufukuza kuku.

Mpango ni huu. Tarehe 8 Juni binti yetu wa pekee anaolewa. Mimi nitashika usukani, yeye atakaa nyuma, na tukifika nitamshika mkono nimwingize ukumbini. Nilimwahidi hivyo alipokuwa na miaka sita. Wakati huo nilikuwa na baiskeli.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshajipendekeza kwa kutoa gari lake. Kigari cheupe kinachonuka sabuni. Ana kitambaa cha kufutia vumbi, na kingine cha kufutia kile kitambaa. Nimemwambia asante, labda libebe keki.

Alhamisi, 23 Mei

Fundi bodi amekuja kukagua. Mtu wa kukatisha tamaa. Aligonga kila mahali kwa bisibisi, ametega sikio kama daktari. Akasema bolti za gari hili ni za inchi, na spana zangu za milimita zitazila vichwa. Kisha akasema mbao za ubavuni nisiziguse mpaka yeye achomelee kwanza, kwa sababu si mbao. Ni karatasi ya plastiki iliyochorwa mbao. Bati la chini yake limekwisha, na karatasi ndiyo inayoshika mlango.

Plastiki! Mtu aliyezoea kunyoosha vigari vya bati atajulia wapi mbao ya kweli? Tena anataka wiki tatu, na harusi ni baada ya wiki mbili. Nikampa mkono wa kwaheri.

Jumatatu, 27 Mei

Bolti kumi na nne zimelika vichwa. Spana za siku hizi ni aibu tupu.

Shemeji kapita na seti ya spana za inchi, kaziazima kazini kwao. Zimepangwa kwa ukubwa, kila moja imefutwa. Nilizipokea kwa adabu nikazificha juu ya dari la banda. Siwezi kufungua gari langu kwa spana zenye harufu ya sabuni.

Injini, hata hivyo, imeunguruma dakika nne nzima. Majirani wote walitoka. Mmoja alibeba ndoo ya maji, lakini moto wenyewe haukuwa wa kutisha.

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimepiga msasa mbao ili nizitie vanishi.

Karatasi.

Ilibanduka yote kwa mkupuo mmoja, na mlango wa nyuma ukaondoka nayo. Nikabaki nimesimama nje, natazama viti vya ndani bila kufungua chochote. Wakati huohuo fundi bodi akawa anapita barabarani. Kuna watu hata kimya chao kina dharau.

Sikufa moyo. Nimemwita seremala. Tunaweka milango mipya ya mbao ngumu, zile za kutengenezea vitanda, na ubavu mzima pia. Sasa litakuwa la mbao kweli, kuliko hata walivyoweza Wamarekani wenyewe. Seremala ameuliza kama nataka na droo. Mpuuzi.

Jioni binti alikuja, akauliza kwa upole kama si afadhali twende na gari la mjomba wake, tukae nyuma wote wawili. Alisema gari halimshughulishi, anachotaka ni kuingia na mimi. Nikamwambia atulie, ataingia na mimi, tena kwa heshima zote. Watoto hawajui wanachotaka.

Ijumaa, 7 Juni

Limekwisha. Vanishi mara tatu. Nimelizunguka mara kumi na kila mara nimeridhika upya. Seremala anasema mbao zake zina uzito wa kabati nne za nguo, kana kwamba hilo ni tatizo. Sakafu inabonyea kidogo ukiikanyaga. Nimetandika zulia.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tatu asubuhi binti alitoka nje na shela lake. Macho yalinijaa machozi. Nikasingizia msasa. Akapanda nyuma na mama yake, nami nikawasha.

Tulikwenda hatua ishirini, mpaka kwenye kituta cha getini. Gari likashusha pumzi, likakunjika katikati. Nilipogeuka, kiti cha nyuma kilikuwa kimetua chini, na binti yangu amekaa juu yake palepale, viatu vyeupe mchangani, maua mkononi. Mke wangu alinitazama kutoka huko chini. Hakuuliza hapa ni wapi.

Shemeji alikuwa nyuma yetu, mlango wazi. Bila shaka alikuwa amejiandaa. Binti akanishika mkono, akasema twende baba, nafasi yako ipo. Nikamwambia watangulie. Nipande kile kisanduku cha sabuni mbele ya mtaa mzima? Akaniomba tena. Nikamwambia nahitaji dakika kumi tu za kulisogeza.

Lilihitaji trekta. Nilifika ukumbini saa sita kwa miguu, vanishi kwenye suti na shavuni. Walikuwa wanakata keki. Aliyemshika mkono kuingia ni Shemeji. Wanasema alitembea polepole na alilia. Kujionyesha tu.

Binti alinifuta shavu kwa ncha ya shela lake. Heri angenigombeza. Iliniuma sana. Nayaandika haya hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona. Ni zulia. Lilikuwa zito mno.

Shemeji alikuja kuulizia spana za watu. Nikamwambia sijaziona. Fundi bodi naye alisimama getini, akasema chesisi inaweza kuokolewa nikimwachia. Nikamwambia wivu haumfai.

Gari litajengwa upya, maana siku moja binti atajifungua, na mjukuu wangu hatatolewa hospitali kwenye kisanduku cha sabuni. Nitakwenda mwenyewe, mimi na usukani wangu. Nimempigia binti simu kumwahidi. Akasema sawa, baba.

Nina miezi tisa, pengine zaidi. Seremala anakuja kesho kupima sakafu. Nimemwambia safari hii aweke na droo.