Mazishi Yangu kwa Rangi Nyeusi

Jumatatu, 3 Novemba

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nilimuuliza utavumilia mpaka lini. Akageuka kutazama dirishani. Nikaelewa.

Binti yangu Rosalind kanishauri niandike kila kinachonilemea rohoni, niondoke mwepesi. Nimejichunguza asubuhi nzima kwa uaminifu. Nimepata jambo moja tu. Desmond Pickersgill, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, analichukua Kombe la Chama cha Wapaka Rangi Vijisanamu kila mwaka tangu alipostaafu kung'oa meno ya watu. Mimi sijawahi kulichukua. Nilifundisha Kilatini, nikapata nyumba, mke mwema, binti mtiifu kiasi. Kombe sina.

Mashindano ni Jumamosi. Mada ya mwaka huu ni nguo nyeusi, rangi inayowatoa jasho wapakaji wote wa mji wetu wa Beeston. Lakini nina wazo ambalo Desmond hawezi kuliiga. Nitatengeneza mazishi yangu mwenyewe! Jeneza, kasisi, waombolezaji, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Nani atathubutu kumnyima marehemu?

Jumanne, 4 Novemba

Nimewapaka waombolezaji wote rangi nyeusi kama ilivyo koponi. Kosa. Mikunjo imetoweka, vifungo vimetoweka, mikono imetoweka. Nina mashimo yenye vichwa.

Mchana nikachora mistari ya kijivu kwenye kila mkunjo. Kosa jingine. Sasa ni wachimba makaa waliotoka zamu.

Tatizo ni hili: nguo nyeusi si nyeusi. Ni kitu kingine kinachojifanya nyeusi. Kitabuni hakimo. Lazima nikaione yenyewe, tena nyingi, mahali pamoja, watu wakiwa wametulia. Kesho kuna maziko kanisani. Marehemu ni mama mmoja aitwaye Muriel. Simjui.

Jumatano, 5 Novemba

Maziko yamefana. Niliketi safu ya pili, nyuma ya mume wa marehemu, nikajifunza mengi kuliko nilivyojifunza miaka yote chamani. Koti la sufu la mzee huwa na wekundu wa kutu viwikoni. Joho la kasisi, ukilitazama kwa ubavu, lina ukijani wa bwawa. Mahameli humeza mwanga na kurudisha kidogo sana pembeni. Viatu pekee ndivyo vinavyong'aa.

Kola ya mume ilinitatiza. Nikainama. Nikaigusa kidogo, kwa kidole kimoja. Akageuka, macho yamemvimba, akaniuliza nilimfahamu vipi Muriel wake. Nikamwambia ukweli, kwamba nimefuata mavazi tu. Baadaye, nikiwa nimeshapata chai na kipande cha mkate wa nyama, mwanawe akanishika mkono kwa upole na kunisindikiza mpaka mlangoni.

Habari ilimfikia Rosalind kabla yangu. Akanipokea barazani: "Baba, watu wanamzika mama yao, wewe unapapasa kola?" Nikamweleza habari ya wekundu wa kutu. Hakuvutiwa.

Nimepaka mpaka fataki za jirani zilipoanza kulia. Msingi ni kijivu kilichochanganywa na bluu ya usiku. Nyeusi tupu inaingia ndani ya mikunjo tu. Kisha ncha ya brashi inapita kwenye kingo, nyembamba, kama vile haijapita. Navuta pumzi, naizuia, napiga mstari, naitoa. Inakubali! Koti limekuwa koti.

Alhamisi, 6 Novemba

Yamekamilika. Kasisi ana ukijani wake. Rosalind wa urefu wa kidole gumba amevaa mahameli. Mbele kabisa, amelibeba jeneza huku mgongo umepinda, yupo Desmond. Nimempa pua nyekundu kidogo. Nimekuwa na huruma.

Desmond mwenyewe akaja na keki ya tangawizi. Akainamia meza. Akasema, "Mzee mwenzangu, hii sasa ni nyeusi." Kisha akauliza kama yule mwenye pua ni yeye. Nikamjibu kwamba watu wengi wana pua. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, akauliza mbona jeneza lenyewe fupi hivyo, au nimepanga kuzikwa nimekunja magoti.

Akiwa mlangoni akanipa ushauri. Nisipulize vanishi ya kopo, ile ya kukinga rangi, katika ukungu huu. Nipake kwa brashi humu ndani, au nisubiri jua.

Nimewafundisha wavulana wa kila aina. Mtu akikushauri bila kuombwa, ana lake jambo. Kwa nini mshindani wangu hataki nipulize? Kwa sababu vanishi ya kupuliza ndiyo itakayonipa ushindi! Karibu aniingize mtegoni.

Ijumaa, 7 Novemba

Ukungu mzito asubuhi. Sioni hata uzio. Vizuri sana.

Nikatoka uani na nguo za kulalia, kopo mkononi, nikapuliza mazishi yote kwa mkupuo mmoja.

Yakageuka meupe.

Inasemekana unyevu hunaswa ndani ya vanishi na kuganda kama ukoga. Ukijani wa kasisi, kwisha. Mahameli, kwisha. Mbele yangu kuna waoka mikate waliojaa unga wakimzika mwenzao. Kifua kikanibana, Rosalind akanilaza na kunifunika mpaka kidevuni.

Nikiwa kitandani nikapata suluhisho. Mazishi yamefanyika Januari. Hiyo ni theluji! Nimemwambia Rosalind. Akanikumbusha kwamba mada ni nguo nyeusi. Nikamwambia nguo ni nyeusi, ila zimo chini ya theluji. Akazima taa.

Jumamosi, 8 Novemba

Ukumbi wa kanisa umejaa. Desmond ameleta mapadri wanaocheza kriketi. Alipoyaona mazishi yangu hakucheka. Hakusema hata "nilikwambia". Akaenda jikoni kwa Bi Enid, katibu wetu na mwamuzi, ambaye alikuwa akiandaa saladi. Akarudi na mafuta ya zeituni kwenye kisahani na brashi laini.

Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Tulia, mzee. Utaona." Akaanza kumfuta mmoja mmoja. Weupe ukayeyuka. Nyeusi ikarudi, tena imekolea kuliko nilivyoiacha. Kutu ya viwikoni ikarudi. Mahameli yakarudi, nikalazimika kupenga kamasi. Mapadri wake yeye walikuwa bado wamelala sandukuni, hajawapanga.

Bi Enid akapita meza kwa meza. Kwangu alisimama. Akavaa miwani ya kukuzia. Akaenda, akarudi tena. Nikamsikia akimnong'oneza msaidizi wake kwamba mwaka huu hakuna ubishi, Mwalimu Tansley amewafunika wote, na safari hii hakuna wa kumtoa kijasho.

Mwalimu Tansley ni mimi.

Hapo ndipo nilipong'amua mpango mzima wa Desmond. Nikichukua Kombe, watu watasema ni mazishi ya Wilfred Tansley yaliyookolewa na Desmond. Jina lake litaning'inia kwenye ushindi wangu kama kupe. Loo! Nikanyoosha mkono. Nikaikumbusha kamati kanuni ya chama: kazi haipaswi kuguswa na mkono wa mwingine siku ya mashindano. Nikadai Desmond Pickersgill achukuliwe hatua.

Bi Enid akauliza Desmond amegusa kazi ya nani.

Yangu, nikajibu.

Akaniuliza polepole kama nina hakika nataka jambo hilo liandikwe. Nikasema liandikwe kwa wino. Akafumba macho kidogo. "Mwalimu jamani," akasema, "hata mimi ungeniacha nijifanye sikuona." Kisha akaisoma kanuni yote kwa sauti. Adhabu, kumbe, haimhusu mgusaji. Kazi iliyoguswa ndiyo inayoondolewa mezani.

Desmond alisimama kunitetea. Akasema ni mafuta tu, sawa na kupangusa vumbi. Nikamwamuru aketi, asiingilie haki.

Kombe amepewa Desmond.

Jumatatu, 10 Novemba

Siruhusiwi kuondoka kitandani. Rosalind ananilisha supu kwa kijiko na kuniita "baba" kwa sauti ya chini kuliko kawaida.

Mchana Desmond akaja, Kombe kwapani. Akaliweka juu ya meza, karibu na mto wangu. Akasema, "Kaa nalo, Wilfred. Kwangu linakusanya vumbi tu, na mwenye haki nalo tunamjua." Akanigonga bega, akaondoka haraka. Nikamsikia Rosalind akilia ukumbini.

Nimelitazama muda mrefu. Kwa karibu ni kubwa kuliko nilivyodhani. Lina mishikio miwili. Nikanyoosha mkono nikaushika mmoja. Wa baridi, mzito. Kwa dakika chache sikuwa na la kulalamikia, hali ngeni kabisa.

Kisha nikakumbuka. Kanuni za chama, ukurasa wa mwisho: mshindi akiliruhusu Kombe litoke nyumbani kwake bila idhini ya katibu, ananyang'anywa! Mpumbavu yule amejikamatisha mwenyewe.

Nikamwomba Rosalind anipe simu. Nikampigia Bi Enid, nikamshitaki Desmond kwa sauti yote niliyobakiwa nayo. Bi Enid akauliza Kombe liko wapi. Nikamweleza. Akauliza tena, kana kwamba hajasikia. Nikamweleza kwa usahihi zaidi: chumbani kwangu, mezani, kulia kwa mto. Akasema, "Mwalimu, nakusihi uniache nikate simu, nisahau ulichosema." Nikamjibu kwamba katibu hana ruhusa ya kusahau.

Jioni akaja, bado amevaa koti. Hakuketi. Akalifunga Kombe kwa taulo, akanitazama, akamtazama Rosalind, akaondoka nalo.

Basi, hatimaye. Desmond Pickersgill hana Kombe. Nimekula supu yote na kuomba nyingine.