Tai wa Moravia Avuka Mlima

Jumanne, 11 Juni. Třebíč, Moravia.

Tumeondoka saa tatu asubuhi. Hatimaye! Majirani walijaa madirishani kuniaga. Blažena anadai walikuwa wanafunga madirisha kwa sababu ya moshi. Wivu tu. Mke wangu hana jicho la mambo makubwa.

Pikipiki yangu inaitwa Růža. Nyekundu, ya mwaka 1974, na ubavuni ina kigari anamokaa Blažena na mizigo. Kwenye kigari nimechora tai, kwa mkono wangu mwenyewe. Blažena anasema ni kuku anayetaga. Sikujibu. Mtu mkubwa hajibu kila kitu.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia yeyote. Kwa miaka sita, kwenye jukwaa la mtandaoni la waendeshaji wa pikipiki za kale, mimi si Oldřich Vaněk, Olda wa Blažena, mstaafu wa posta. Mimi ni Tai wa Moravia. Nimeandika ripoti mia mbili na kumi na nne. Nimevuka milima ya Alpi mara kumi na tisa, mbili kati ya hizo kwenye theluji, moja bila breki. Watu wananisoma kutoka Ureno mpaka Ufini. Ni kweli kwamba mwili wangu haujawahi kupita Brno, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Lakini ramani nimeichakaza.

Halafu ikaja barua ya Matjaž, mwenyeji wa mkutano wa waendeshaji kule Bovec, Slovenia. Jumamosi nipande jukwaani, nitoe somo la kupanda milima na kigari. Mwingine angejitia homa. Mimi nina mpango! Ijumaa, siku moja kabla ya somo, nitauvuka mlima wa Vršič kwelikweli. Kona hamsini. Nikishauvuka huo mmoja, ile mingine kumi na minane itajazia yenyewe. Kwani uongo ni nini? Ni ukweli uliowahi kufika.

Baya moja: Lubomír naye anakwenda. Ni mwenyekiti wa klabu yetu, na ana pikipiki mpya ambayo kiti chake hupasha makalio joto. Mwanamume gani huyo?

Jumatano, 12 Juni. Austria, baada ya Linz.

Nimetambuliwa! Kituo cha mafuta, mbele za watu!

Nilikuwa nachanganya mafuta na oili, likaja jibaba la Kiholanzi lenye ndevu nyeupe, likakitazama kigari, likavua kofia. Aliuliza kama tai yule ni tai yule. Nikasema ndiye. (Blažena asikie! Mtu mzima katambua tai.) Anaitwa Wiebe, ni Mfrisia wa kaskazini mwa Uholanzi, fundi wa mifereji. Akatoa mkobani jalada nene: ripoti zangu zote, amezichapa na kuzitoboa matundu, zimepangwa kwa miaka. Nilitaka kulia.

Kisha akaharibu. Akaanza kuniuliza juu ya Februari 2016, nilipokwama siku tatu kwenye theluji nikala mkanda wangu. Tulikuwa tunazungumza Kijerumani cha kuokoteza, na nilitumaini Blažena hatafuata. Nilisahau kwamba Kijerumani chake kinakishinda changu. Februari 2016 nilikuwa nimelazwa kwa ngiri, na supu aliniletea yeye.

Blažena alikuwa anakula tango la siki. Akaacha kutafuna. Akanitazama. Akaendelea kutafuna.

Nimeishi naye miaka thelathini na minne. Kimya kile nakijua. Umeme umeshapiga, unasubiri ngurumo tu.

Alhamisi, 13 Juni. Villach.

Ngurumo.

Ilikuja wakati wa kifungua kinywa. Aliniomba simu yangu kwa sauti ya upole kabisa. Akasoma saa nzima. Mimi nikapaka siagi mkate uleule mara nne. Nilitegemea matusi. Alichotaka kujua ni kimoja tu: katika safari hizo zote, yeye alikuwa wapi? Nikaeleza kwamba Tai, kwa ajili ya hadithi, husafiri peke yake, na kigarini hubeba vipuri.

“Ahaa,” akasema. “Kumbe mimi ndiyo vipuri.”

Akamaliza yai lake. Kwa nini wanawake hushikilia mambo madogo?

Mchana nilikwenda kufanya mazoezi ya kona kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka moja kubwa. Kona za kushoto: nzuri sana. Kona za kulia: kigari kinataka kuruka juu. Kiliruka. Nikaparamia vitoroli vya wateja, kama thelathini hivi, vyote vimeshikana, vikaondoka pamoja kama treni kuelekea kwenye vyungu vya maua. Hakuna aliyeumia. Meneja alisema maneno ambayo sikuyajua, lakini nimeyaelewa.

Nani alikuwa amesimama pale analamba aiskrimu? Lubomír! Akanipigia makofi. Jina la Tai ameliona kwenye ratiba ya mkutano, na tai mwenyewe kwenye kigari changu. Akaniambia Jumamosi atakaa mstari wa mbele na ana swali dogo la kuniuliza mbele ya watu: katika kona zote za Vršič, ni ipi iliyonitesa zaidi? “Fikiria vizuri, Tai. Usije ukalitagia jibu.”

Nilimjibu kwa dharau kubwa, lakini baadaye, alipokwisha kuondoka.

Ijumaa, 14 Juni. Bovec.

Naandika kwa jicho moja. Nitaeleza kwa utaratibu.

Mvua toka asubuhi. Upande wa kaskazini wa Vršič kona zimetandikwa mawe, na mawe yakilowa ni kama sabuni. Kona ya kwanza nikapita. Ya pili nikapita! Niliimba. Kuimba ndiko kulikoniponza: nilikuwa nimefungua kioo cha helmeti, na nyigu aliyekuwa anakimbia mvua akaona mlango. Akanichoma kope. Nikasimama kona ya tatu nikipiga kelele ambazo, nasikia, ng'ombe walizijibu.

Ndani ya dakika kumi jicho la kulia likawa limefumba kama ngumi. Nikamweleza Blažena mpango mpya, mzuri sana: tugeuze, tuzunguke kwa bondeni, tufike Bovec kwa nyuma, na kuhusu Vršič tuseme tumeuvuka. Tayari tumeshavuka kona mbili na nusu.

Blažena akatoka kigarini. Akanyoosha mgongo. Akaniambia nimpe ufunguo.

Nikamuuliza wa nini.

“Wa kufungulia kopo la matango. Wa pikipiki, Olda! Toka hapo, unalowesha kiti.”

Nikamkumbusha kwamba huu ni mlima. Kwamba kigari kina hila zake. Kwamba mimi mwenyewe, kwa uzoefu wangu, nimeona taabu. Akawa anafunga vifungo vya koti langu la ngozi, kwa kuwa lake lilikuwa limelowa. Helmeti yangu yenye tai haikuniingia tena kwa uvimbe, akaivaa yeye. Mimi nikavaa yake, ya zambarau, yenye maua, isiyobana uso. Kisha akaniambia, huku akipiga stati, kwamba alipokuwa na miaka kumi na tisa aliendesha pikipiki ya kigari ya ushirika, akikusanya madumu ya maziwa katika vijiji kumi na viwili vya Vysočina, kila alfajiri, majira ya baridi mawili, barafu mpaka magotini. Leseni aliipata miaka mitatu kabla yangu.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniambia.

Akasema sijawahi kuuliza.

Basi tukapanda. Ee Mungu wangu! Aliingiza gia kama anayefunga droo ya vijiko. Kwenye kona za kulia alipaza sauti, “Ning'inia!” nami nikatoa kiwiliwili chote nje ya kigari, tumbo juu ya utupu, pua karibu na mawe, niwe uzito wa kukibana kigari chini. Mara mbili gurudumu letu liliondoka ardhini, naye akalirudisha taratibu kwa bega tu, bila hata kuguna. Kona ya kumi na moja kulikuwa na mpiga picha chini ya mwavuli. Kona ya ishirini na nne tukatoka mawinguni.

Juu kileleni alizima mashine. Mvuke ulikuwa unamtoka mabegani. Mashavu mekundu. Akacheka peke yake, kicheko ambacho sijakisikia tangu mwaka tuliooana. Mimi kigarini nilikuwa nalia. Nilimwambia ni nyigu.

Haikuwa nyigu. Nilikuwa najivunia hata kifua kinauma. Mke wangu! Wangu!

Jumamosi, 15 Juni. Bovec.

Siku yenyewe.

Asubuhi nimeingia hema la mkutano na miwani myeusi kuficha jicho. Watu mia mbili wakasimama kupiga makofi. Sikuelewa. Kisha nikaona ubaoni: mpiga picha wa jana alikuwa amemuuzia Matjaž picha, naye kaikuza ikawa kubwa kama mlango. Kona ya kumi na moja, mawe yanang'aa kwa maji, kigari kiko hewani, na kwenye usukani yupo Tai wa Moravia kwa helmeti yake na koti lake, ametulia tuli. Pembeni ananing'inia mwanamke mnene wa helmeti ya maua, mdomo wazi.

Wiebe alinikumbatia. Akaniambia mke wangu naye ana moyo, kuning'inia vile.

Nilipata nusu dakika ya kusema ukweli. Niliitumia kurekebisha kola.

Jukwaani nilianza vizuri mno. Nikaeleza falsafa yangu ya kona za kulia. Watu wanaandika! Lubomír akanyoosha mkono na swali lake: kona ipi? Nikafungua mdomo. Mstari wa tatu alikaa Blažena, kavaa ile sweta yake nzuri ya buluu, na alikuwa ananiinulia vidole kwa siri, kumi kisha kimoja, kunisaidia. Hakuwa na kinyongo usoni. Alitaka tu nisiaibike.

Ningeweza kustahimili hasira yake. Hilo sikuweza.

Nikavua miwani. Nikasema: “Huyo kwenye usukani si mimi. Mimi ni yule mnene wa maua.”

Hema lilipasuka kwa kicheko! Walidhani ni mzaha. Nikaapa. Wakacheka zaidi. Matjaž akafuta machozi, akasema mabwana wakubwa ndivyo walivyo, hawajikwezi. Lubomír akaruka juu ya benchi, uso umemwiva, akapaza sauti kwamba ni kweli, mtu huyu hajawahi kupita Brno! Wakamzomea. Mtu akamrushia soseji. Miaka sita wameamini kila uongo wangu, na ukweli wa kwanza ninaowaambia wanautupa nje kama paka!

Aliyemaliza mambo ni Blažena. Aliinuka, akaniomba ufunguo kwa kidole, akatoka. Tukasikia Růža akiamka. Hema zima likamfuata. Kwenye uwanja wa majani, kichwa wazi, sweta ya buluu, alizungusha pikipiki mara moja, mbili, kisha akakiinua kigari kitupu hewani na kukizungusha hivyohivyo kulizunguka hema la bia, gurudumu usawa wa kiuno, bila kumwaga glasi ya mtu. Alipokishusha hakikutoa hata mlio.

Kisha kelele ambayo nadhani ilisikika Italia. Lubomír, na hili naliandika kwa shida, alivua kofia na kumwinamia.

Matjaž alimvika nishani ya mkutano. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, nikimwambia kila aliye karibu kwamba yule ni mke wangu.

Wiebe tu ndiye hakupiga makofi. Alinijia na jalada lake, akaniuliza ripoti zile nimeziandikia wapi. Nikasema jikoni. Akatikisa kichwa polepole. Akaniambia alizisoma kwa sauti, moja kila siku, kando ya kitanda cha mke wake katika miezi yake ya mwisho, na mke wake alikuwa akizipenda zile za theluji. “Nilikuamini kila kona, rafiki yangu.” Akaondoka.

Jumapili, 16 Juni. Njiani, Austria.

Kabla hatujaondoka Wiebe alikuja. Alimpa Blažena kalamu, akamwomba asaini juu ya jalada. Mimi akaniambia nisaini chini, kwa herufi ndogo, kisha akanipa mkono. Alisema tangu jana amewaza, akaona mkewe asingenikasirikia. Mkewe alijua toka ripoti ile ya theluji kwamba hakuna binadamu anayekula mkanda. Nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu jana.

Blažena anaendesha. Amesema ataendesha mpaka nyumbani, na baada ya hapo tutaona. Mimi nipo kigarini na begi la nguo miguuni. Mtu akizoea, ni pazuri. Unaweza kuandika.

Sasa nimetulia, najiuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba unyofu ndiyo njia pekee. Kuanzia leo, ukweli mtupu.

Ripoti ya mia mbili na kumi na tano nimeshaituma tulipojaza mafuta: “Jinsi Nilivyomfundisha Mke Wangu Kuvuka Vršič.” Wamesoma mia tatu tayari! Na Mfini mmoja mwenye pikipiki ya kijani ameandika kutualika Februari, mashindano ya vigari juu ya ziwa lililoganda, kilomita sitini. Aliuliza kama tuna uzoefu wa barafu. Nimemjibu kwamba barafu nimeilalia tangu utotoni, na kwamba nafasi ya usukani naichukua mwenyewe.

Blažena hajui bado. Nitamwambia Linz, akishashiba.