Zizi, Toleo la 5.0

Jumatatu, 7 Juni 2004

Mimi nimezaliwa na bahati, atakaye kubisha abishe. Sumbawanga nzima ina mtu mmoja tu aliyesomea kutunga programu za kompyuta, Bertila, diploma ya Dar es Salaam. Na huyo Bertila aliupita mlango wa Zenon pale mjini, akalikataa duka lake la kompyuta lenye vioo, akaja kuweka meza dukani kwangu Chanji. Kwangu! Mtu wa kidato cha pili! Ila nimefika Lusaka mara mbili na Lubumbashi mara moja, na hayo hayafundishwi darasani.

Kazi yetu inaitwa Zizi. Programu ya kuandikisha ng'ombe: wa nani, rangi gani, kachanjwa lini. Mama Margareth, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa, ndiye anayeitumia. Anachapa karatasi, anatia sahihi, ng'ombe wanapita kizuizi cha mifugo barabarani. Karatasi za mkono hazipokelewi tena tangu wajanja waanze kuzighushi.

Leo Zenon kasimama mlangoni kwangu, kauliza Zizi ni toleo la ngapi. Nikasema 1.3. Kacheka mpaka kashika nguzo. Programu yake ya maduka imefika toleo la nne. Akasema yetu bado inanyonya. Mbele ya wateja wawili na mwuza maandazi!

Jumanne, 8 Juni

Nimemuuliza Bertila kwa nini tusiandike tu tano, yaishe. Akasema namba haiandikwi na mtu. Kanieleza polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Kila anachotunga anakihifadhi kwenye ghala ndani ya kompyuta, cha jana kimo, cha juzi kimo, hata kazi ambayo haijaiva imo. Akiridhika, anaifunga kazi tagi, yaani alama yenye namba. Halafu kuna kiprogramu kidogo kinasoma ile tagi, kinaandika toleo chenyewe: kwenye kioo cha kompyuta, kwenye disketi, mpaka chini ya kila karatasi inayochapwa. Hakuna mkono wa mtu. Ndiyo raha yake, akasema. Hakidanganyi.

Nikakaa nikawaza. Hakidanganyi, sawa. Lakini kinaiamini tagi.

Saa nane kaenda posta. Amri ya kufunga tagi naijua, nimeichungulia begani kwake mwezi mzima. Nikafunga 5.0 palepale kazi ilipokuwa imeishia. Mstari mmoja tu! Kioo kikawaka: ZIZI, TOLEO LA 5.0. Niliipigia saluti.

Disketi nimeipeleka mwenyewe kwa Mama Margareth. Kompyuta yake ikalinganisha namba, ikaona tano ni kubwa kuliko 1.3, ikaipokea bila swali. Kurudi nikapitia kwa Zenon makusudi. Nikamwambia mtoto kaachishwa ziwa.

Siku nzuri. Upepo tu ndio mbaya, umeezua bati la choo.

Jumatano, 9 Juni

Balaa.

Mzee Mayunga, mfugaji wa Kisukuma wa kule Mollo, anamwoza mwanawe Shija. Binti ni Debora wa Milepa. Ng'ombe kumi na wawili wa mahari wawe uani kwa baba yake binti, Mzee Yonas, Jumamosi kabla ya saa sita. Mzee Yonas kasema wasipofika saa hiyo, asisikie tena habari ya Wasukuma. Kutoka Mollo mpaka Milepa chini bondeni ni siku mbili kwa miguu, kwa hiyo ni kuondoka kesho alfajiri.

Leo Mayunga kaenda kuchukua karatasi ya chanjo. Ikatoka hivi: kumi na wawili wote, BADO KUCHANJWA. Mama Margareth aliwachoma sindano kwa mkono wake mwezi wa nne, anawakumbuka hadi pembe. Lakini hawezi kutia sahihi karatasi inayosema hapana. Mzee akaja nayo dukani kwetu. Nikaipokea kwa heshima zote. Chini niliona 5.0 yangu imekaa kama inzi kwenye maziwa. Nikawapa mgongo, nikalikata lile pindo, nikalitia mdomoni, nikalimeza. Kavu! Kisha nikampa Bertila karatasi.

Bertila kashika kichwa. Ukurasa wa chanjo alikuwa ameubomoa aujenge upya, na kwa sasa kila ng'ombe alikuwa amemwekea BADO mpaka amalize. Akauliza kazi mbichi imetokaje nje. Nikasema umeme. Ulikatika jana ukarudi kwa nguvu. Alipotoka kunawa uso, nikaifuta tagi ya 5.0 kwenye ghala. Safi, hakuna alama.

Mzee Mayunga akanitetea. Akasema Modesti hawezi kudanganya kwenye mambo ya ng'ombe. Mwaka juzi nilipougua tumbo alinilaza kwake wiki nzima, akaninywesha mtindi kwa mkono wake. Sikuweza kumtazama. Nikajifanya natafuta disketi chini ya meza.

Bertila kairudia kazi nzuri ya nyuma, katengeneza, kafunga 1.4. Nikasema nitapeleka mimi. Kompyuta ya Mama Margareth ikakataa: ina toleo kubwa zaidi. Bila shaka! Nikarudi nikasema disketi imeoza.

Alhamisi, 10 Juni

Disketi ya pili nayo "imeoza". Ya tatu nimesema ilianguka kwenye maji. Bertila kaninunulia nyingine mpya, bado iko kwenye nailoni, akasema niiweke mfuko wa ndani.

Alfajiri imepita. Ng'ombe wamefungwa Mollo, Shija kavaa shati la ugeni tangu jana, anazunguka zizi. Mzee Mayunga kakaa kwenye benchi letu. Saa saba Bertila akaiacha kibodi, akaenda kukaa karibu naye. Akamwambia, "Mzee, unisamehe. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyetunga."

Yaani yeye! Ambaye hajaongopa tangu abatizwe!

Nilijaribu kukaa kimya. Nikaanza kuhesabu mpaka ishirini. Nilipofika kumi na nne nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mimi." Nikatoa yote: Zenon, tagi, lile pindo la karatasi, umeme wa uongo. Na disketi zote tatu nzima, zilikuwa kwenye koti langu.

Bertila hakugomba. Alikwenda kwenye kompyuta, akaifunga ile kazi nzuri tagi ya 5.1, akaondoka na disketi mwenyewe. Kompyuta ya Mama Margareth ikaipokea. Karatasi ikatoka, WAMECHANJWA, sahihi, muhuri. Kazi yote dakika moja. Ningesema jana, ingekuwa dakika moja jana!

Mzee Mayunga akakunja karatasi, akanitazama kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. "Ng'wanawane," akaniambia, vile anavyowaita wanawe, "ng'ombe ukimpiga chapa kwamba ana mimba, ndama atatoka wapi?"

Nikasema naenda nao Milepa. Nikitoa maelezo mimi, ukweni wataelewa. Mzee hakusema ndiyo; nikachukua koti langu.

Ijumaa, 11 Juni

Naandika nimekaa kwenye jiwe, tukishuka bondeni. Tuliondoka jana saa kumi jioni badala ya alfajiri. Shija hajanisemesha tangu Mollo, ila kamwambia ng'ombe mwekundu, kwa sauti ili nisikie, kwamba yeye angalau ana akili. Kizuizini wameisoma karatasi, wametupitisha. Nikamweleza yule bwana wa kizuizi kwamba toleo la 5.1 ni kazi ya ofisi yangu. Mzee akakohoa.

Viatu vya Lusaka vimekatika vyote viwili.

Jumamosi, 12 Juni

Tumefika Milepa saa tisa na nusu. Wageni walikwishakula, wameondoka. Mzee Yonas katuacha tumesimama nje ya ua na ng'ombe wetu kumi na wawili, jua la bondeni linachoma kama pasi. Mayunga, mtu mzima yule, anayeamkiwa na Mollo nzima, kasimama ameshika kofia yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nikajitokeza. Nikasema shikamoo, nikaanza na ghala, nikaja kwenye tagi, nikagusia kidogo habari za Lubumbashi. Mzee Yonas akamuuliza Mayunga kama huyu ndiye msemaji wake au kamwokota njiani. Watu wakacheka. Mimi ndiye huwa nawachekesha watu. Kuchekwa sijakuzoea.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikasema, "Mzee, hawa hawajachelewa kwa kosa lao. Mimi niliandika uongo ili nionekane mkubwa, ukawakalisha siku nzima."

Mzee Yonas akasema ng'ombe waingie, wamechoka, hawana kosa. Watu hapana. Mazungumzo mpaka mwezi wa nane, na Mayunga aje na msemaji mwingine. Basi. Ukoo wa Debora haujavunja uchumba, lakini miezi miwili Shija atalala akiwaza, na watu wa Mollo watauliza kwa nini mzee karudi bila bibi harusi.

Debora katuletea maji nje. Kanipa mimi wa mwisho. Kauliza kwa sauti ya chini kama kweli nilifika Lubumbashi. Nikasema mara nne.

Jumatatu, 14 Juni

Bertila kahamisha meza. Kwa Zenon. Mama Margareth kasema Zizi ataifuata popote atakapokuwa Bertila.

Sikugomba, nitagomba na nani? Meza nimeibeba mwenyewe upande mmoja mpaka mjini, Zenon upande mwingine, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Hilo limeniuma kuliko utani. Upepo ulikuwa mkali, nikampa Bertila sweta langu. Kalikataa mara mbili, kalichukua mara ya tatu. Pale mlangoni akaniambia, "Kaka Modesti, huna roho mbaya. Ila namba zako hazina kazi nyuma yake."

Nimerudi nimekaa peke yangu. Duka limekuwa kubwa ghafla. Kaniachia nakala ya ghala kwenye kompyuta yangu, na kile kiprogramu kinachosoma tagi.

Saa kumi nimefunga 7.0. Kioo kimewaka vizuri sana. Kesho namwita fundi aandike mlangoni kwa rangi nyekundu, Zenon aione kutoka barabarani.

Na ile ya Jumatatu iliyopita, kwamba Bertila alimkataa Zenon akanichagua mimi, si kweli. Alianza kwa Zenon. Wakati ule hakukuwa na nafasi ya meza kwake.