Godoro Uani, Bibi Yu Hai

Jamani, leo nimepata aibu ya kuhama nayo mtaa.

Wiki hii nimeanza kujifunza kulalia vitu vya asili. Maelekezo ya mtandaoni yanasema usibadilishe kila kitu kwa mpigo. Anza na foronya moja ya pamba, zoea kuanika matandiko juani, mengine yatafuata. Mimi ni mtu wa kuhoji. Pamba ya nani? Nani kathibitisha? Godoro la sponji limemkosea nani? (Nililalia sponji chuo kizima na shahada nikapata.)

Ukweli ni kwamba sikuwa natafuta afya. Nilikuwa natafuta usingizi wa kwa bibi, kijijini Hasamba. Kule nalala mpaka moshi wa jikoni uniamshe. Hapa mjini Mpemba nageukageuka tu nikisikiliza malori. Basi bibi aliponitumia mto wake wa zamani wa sufi, nikasema naanza na huu.

Asubuhi nikatoa godoro nje. Nikatoa na viti, nifagie vizuri. Nikatandika mkeka uani, nikajifunga khanga, nikaufumua mto ili niichambue sufi. Bado ilikuwa na harufu ya nyumba yake: moshi, kahawa, sabuni ya kipande. Vumbi likaniingia machoni, machozi yakaanza. (Si yote yalikuwa ya vumbi.)

Sasa fikirieni. Godoro nje. Viti nje. Mkeka. Binti wa khanga analia. Huku kwetu picha hiyo ina maana moja tu!

Mama Tumaini, jirani yangu, akachungulia. "Mwanangu, kuna nini?"

"Bibi," nikasema kwa kwikwi. "Namkumbuka bibi yangu."

"Yule wa Hasamba?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akajishika kiuno. "Yesu wangu!" Akatoweka.

Nikadhani ameacha kitu jikoni. Kumbe! Punde wakaingia akina mama wa jumuiya, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga. Wakaketi mkekani, wakaanzisha wimbo. Nikafungua mdomo nieleze. Mama Tumaini akanikumbatia, uso wangu wote ukazama kifuani kwake.

"Lia, mwanangu. Usijizuie."

Nitajizuiaje, hata pumzi sina! Nasikia baba mwenye nyumba anauliza, "Tunasafiri leo au kesho? Gari limepatikana?"

Hapo simu yangu ikaita pale mkekani. Mama Tumaini akasoma jina: Bibi. Akapiga yowe, akaniachia. Wote wakaruka kando, mkeka mzima ukabaki wangu peke yangu. Nikapokea, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie; mlangoni waliochelewa bado walikuwa wanaimba.

"Mto umefika?" bibi akauliza.

"Umefika, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona nasikia watu wanaimba? Kuna msiba?"

"Walidhani upo."

"Wa nani?"

Watu wakaanza kurudi mkekani, shingo ndefu.

"Wako, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Waambie wasikatize, wanaimba vizuri. Na wewe uje kesho. Nimekaa na hamu ya kukuona mpaka nimekutumia mto, na wewe unakalia kulia!"

Mama Tumaini alicheka akiwa amelala chali juu ya godoro langu. Mimi nilirudi kulia, safari hii bila vumbi.

Kesho nakwenda Hasamba. Msinicheke, ila mkimkumbuka mtu, mpigieni simu kwanza. Godoro litaanikwa baadaye.